Pete Mbili

Mimi ni seremala wa Kayenze, na siwapendi.
Niseme mapema, msije mkadhani
nimelainika kwa sababu ya mvi.
Kitanda cha Bugumba kilisaga usiku kucha,
krr, krr, ndani ya mguu wa kushoto,
miaka miwili baada ya mimi kulipwa.
Akaniletea unga kwenye bahasha,
laini kuliko wa muhogo,
akaiweka juu ya randa yangu, akaenda zake.
Tangu hapo kila mdudu mwenye papasi ndefu
nimemsomea hukumu kwa kisigino.

Masika haya Ng'washi alinituma ngitilini
nikamchumie mlenda. Magoti yake hayakubali tena mteremko.
Ngitili yetu iko nyuma ya yale mawe
yaliyobebana mgongoni, kubwa juu ya dogo;
upepo wa ziwa huingia pale na harufu ya dagaa
ukatoka na harufu ya majani.
Ng'ombe ni marufuku hadi Agosti,
kwa hiyo kila kitu kimesimama:
kongwe, kishonanguo,
mlenda umenifika kiunoni, na vimaua vya njano
vya ukubwa wa kifungo cha shati.

Na juu ya mlenda mmoja, yeye.

Mwembamba, wa kijivu,
kama kipande cha penseli kilichodondoka sikioni mwangu.
Papasi zimempita mwili kwa urefu,
pingili nyeusi, pingili nyeupe,
kazilaza nyuma kama mtu
apitishaye fito kichochoroni.
Nikavua ndala.

Lakini alikuwa kazini,
na mtu akiwa kazini mimi humwacha amalize.

Aliliuma shina akilizunguka, polepole,
hadi pete ikafunga.
Akashuka upana wa vidole viwili,
akakata ya pili.
Mistari miwili!
Ndivyo nichoravyo mimi kabla ya patasi,
mahali pa kuingizia ulimi wa ubao.
Kisha katikati akatoboa, akageuka,
akaweka alichokuja kukiweka,
kitu kama chembe ya ulezi.

Nikamshika. Akalia
sauti ya kiti kipya kikikaliwa na mtu mnene,
na sauti ilitoka shingoni.
Nikamrudisha kwenye jani.
Vidole vyangu ndivyo vilivyomrudisha, si mimi.

Nilipasua kwa kisu shina la jirani, lililokwisha nyauka.
Ndani, buu wa manjano, hana miguu,
anakula kiini akiteremka,
na nyuma yake unga.
Unga uleule wa bahasha.

Nilitaka kucheka.
Mninga hukaa miaka sitini kabla ya kunifikia karakanani.
Mlenda hauna hata miezi sita.
Fundi gani hujenga ndani ya kitu
ambacho Agosti kitakuwa mavi ya ng'ombe?

Kumbe anashuka.
Ng'ombe watakula juu, jua litamaliza walichobakiza,
moto wa wawinda panya utapita ukilamba,
naye yuko chini ya udongo, katika kipande cha mzizi
kifupi kuliko kidole changu cha shahada,
amejifungia mlango kwa makapi yake mwenyewe,
anangoja mvua imgongee.

Nililifunga lile shina kwa uzi wa kongwe.
Sijui kama lilimsaidia.

Ng'washi akainua kikapu, akakipima kwa mkono mmoja.
"Mlenda wote ule, umeniletea huu?"
Nikamwambia mwingine una wenyewe.
Alinitazama kwa muda,
jinsi anavyomtazama mteja asiyelipa,
kisha macho yakashuka miguuni.

"Na ndala ya pili?"